Trela Ukingoni mwa Ziwa Chala

Ujumbe ulikuwa na maneno sita: "Njoo Apolonia. Kuna kitu chako hapa." Ulitoka kwa Mama Kuldip, siku nne baada ya mwili wa mumewe, Bwana Jaswant, kuchomwa mjini Moshi kwa desturi za Kalasinga. Niliusoma nikiwa nimesimama jikoni kwangu Uru, mwiko mkononi, nikaurudia mara tatu kama ninavyorudia taarifa yoyote ninayoishuku. Katika nyumba ile sikuwa nimeacha kitu. Sikuacha kanga, sikuacha sahani, sikuacha hata kitana. Nilifanya kazi kwao mwaka mmoja tu, zaidi ya miaka thelathini iliyopita, nikaondoka na sanduku la bati likiwa na kila kilichokuwa changu, kwa sababu mimi ni mtu wa kuhesabu vitu kabla ya kufunga mlango. Kitu changu kimoja tu kilibaki mikononi mwa Bwana Jaswant, na nilitumaini hakuna aliyejua kuwa ni changu. Ilikuwa barua isiyo na jina. Kwa barua hiyo alifukuzwa Ziwa Chala, na hakurudi tena mpaka amekufa. Niliepua chungu, nikaenda kwenye mpaka wa kihamba changu, shamba la migomba la ukoo, nikakata jani moja la isale, nikalifunga fundo kama tunavyolifunga sisi watu wa mlimani tunapokwenda kuomba msamaha, nikalitia kwenye mkoba. Kisha nikakaa nikanywa chai, maana nilikuwa bado sijaamua kama nitalitoa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimemaliza kidato cha sita, nasubiri nafasi ya chuo. Bwana Jaswant alizaliwa Moshi na alikuwa na karakana ya useremala karibu na stesheni ya reli. Alipoikabidhi kwa mpwa wake apumzike, alifanya jambo ambalo mji mzima ulilijadili: alijitengenezea trela la kulala, nyumba nzima ya mbao juu ya magurudumu mawili, ya kukokotwa na Landrova yake kuukuu. Nalikumbuka trela lile kuliko vyumba vingi nilivyolala baadaye. Lilinukia iliki na vanishi. Meza ilikunjwa ukutani, vitanda viligeuka mabenchi mchana, na juu ya jiko dogo la gesi palikuwa na kulabu sita, kila moja na kikombe chake, kila kikombe na mkanda wake wa ngozi wa kukifunga wakati wa safari ili kisigongane na mwenzake. Kazi yangu ilikuwa kupika, kufua, kufunga vikombe, na kuandika. Walinipata kupitia mtawa mmoja aliyenifundisha, na Bwana Jaswant hakuniuliza swali lolote ila aliniambia niandike majina ya miti mitano. Alitazama karatasi kwa muda mrefu. "Mwandiko kama huu mtu hawezi kuusahau," alisema, na mimi nikafurahi.

Hata hivyo sikuwaamini. Watu wenye nyumba ya matofali, yenye bafu na veranda, wakalale kwenye boksi la mbao porini kwa nini? Nililala kwenye benchi la jikoni, nyuma ya pazia, na upande wa pili niliwasikia wakizungumza Kipunjabi kwa sauti ya chini. Nilijifunza kutofautisha mazungumzo ya chakula na mazungumzo mengine kwa namna sauti zilivyopanda, na hayo mengine yalikuwa mengi kuliko nilivyopenda. Tulianza na misitu ya juu ya Uru kutazama mbega, kisha Kirua Vunjo, tukiegesha trela pembeni ya migomba ya watu waliotukubalia. Popote tulipokwenda tulibeba juu ya Landrova kayaki mbili alizoziunda mwenyewe, mitumbwi myembamba ya mtu mmoja mmoja, unayoiendesha kwa kafi lenye bapa pande zote mbili. Zilikuwa ndefu, zimechongoka, zimefunikwa turubai jeusi. Tulipopita Himo watu waliokuwa kando ya barabara walisimama, wakavua kofia, wakafanya ishara ya msalaba. Walidhani tunasafirisha maiti wawili. Mama Kuldip aliwapungia mkono kwa furaha, jambo lililozidisha ubaya.

Kila tulichokiona kiliingia kwenye daftari kubwa lenye jalada la kitambaa, nami ndiye niliyeliandika, kwa Kiswahili, kwa safu: siku, saa, mahali, mnyama, idadi. Safu ya mwisho aliichora mwenyewe na kuiita "Uso". Siku ya kwanza ya mbega nilimpa hesabu yangu kwa kujiamini.

"Mbega sita, Bwana."

"Nyuso umeona ngapi?"

"Nyuso? Mkia mweupe kama ule ni wa nani mwingine?"

"Nyuso, Apolonia."

"Nne."

"Andika nne. Wale wawili waandike pembeni, mgongo tu. Hawahesabiwi."

Mama Kuldip alikuwa ndani akisukuma chapati. "Siku moja alinikuta sokoni kwa nyuma akanipita," alisema. "Aliogopa kunihesabu." Bwana Jaswant hakucheka. Ilikuwa sheria yake na hakuilegeza hata kwa tembo. Usiandike mnyama mpaka umeona uso wake. Kama hukuuona, andika mgongo tu, usubiri ageuke. Mimi niliiona sheria ya mtu mwenye muda mwingi mno. Tena alikuwa na daftari la pili, dogo, ambalo hakuniachia. Humo aliandika mwenyewe kwa maandishi ya kwao, yanayoning'inia chini ya mstari kama nguo kwenye kamba, na kila nilipokaribia na chai alilifunga.

Baada ya mvua za masika tulikwenda Chala, na baada ya hapo hatukutaka pengine. Kila wiki ya pili Landrova ilielekea kulekule. Ziwa Chala halionekani mpaka umelifikia. Unapita vichaka vikavu na miiba, unadhani umepotea, kisha ardhi inakatika miguuni mwako, na chini kule, mbali, kuna maji ya buluu yaliyozungukwa na kuta za mawe. Mpaka wa nchi mbili unapita katikati ya maji hayo. Tuliegesha trela ukingoni, tukateremsha kayaki kwa kamba kwenye njia ya nyani, na Bwana Jaswant akanifundisha kupiga kafi. Mama Kuldip alibaki juu na darubini. Asubuhi maji yalikuwa kimya kiasi cha kumsikia kenge akijikwaruza kwenye jiwe ng'ambo. Ningependa kusema kwamba nilifurahi, na kweli nilifurahi, lakini furaha yangu ilikuwa na jicho moja wazi. Kwa sababu Bwana Jaswant hakutazama ndege. Alikwenda ukutani, pale jiwe linapoingia majini, akateremsha kamba yenye jiwe na mafundo, akahesabu mafundo, akaandika kwenye daftari dogo. Kisha hatua kumi mbele, tena. Tai walipita juu yetu wakiwa na samaki miguuni na yeye hakuinua kichwa.

"Tunatafuta nini, Bwana?"

"Tukikiona tutajua."

Jibu hilo nililibeba mpaka kilabu cha Manka. Manka aliuza mbege, pombe yetu ya ndizi, pamoja na ndizi mbichi, kwenye banda la bati, mahali njia ya ziwani inapoachana na mashamba, na mimi nilikwenda pale kununua ndizi za mtori. Alikuwa na mdomo usiopumzika.

"Karibu, mtumishi wa majeneza," aliniambia. "Leo mmezika nani?"

"Hatujazika mtu, dada Manka."

"Basi mnamtafuta nani? Mtu hateremki shimo lile kila mara kwa ajili ya kutazama ndege. Ndege wako huku juu, tena wanakuja wenyewe kwenye mtama wangu."

Kwenye benchi la nyuma alikaa Mzee Aloisi, mwenyekiti wa kitongoji, kibuyu mkononi, koti la suti juu ya kaptula. Nilimwamkia: "Shikamoo, meku." Meku ni mzee kwa lugha yetu, na alipenda kuitwa hivyo na wasichana waliosoma.

"Marahaba. Kalasinga wako ameteremsha kamba tena?"

"Ameteremsha."

"Mafundo mangapi?"

Nilimtajia. Nilikuwa nimeyahesabu. Aligeuka akamtazama Manka. "Unaona?" alisema, ingawa hakuna aliyeona chochote, na Manka akatikisa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa msiba.

Tangu siku hiyo nilianza kutazama kwa ajili ya watu wawili. Nikiwa nimekaa mezani ndani ya trela, mbele yangu dengu, chapati na achari ya ndimu, niliwasikiliza wenyeji wangu kama karani wa mahakama. Mama Kuldip alikuwa mwema kwangu na wema wake niliushuku pia. Aliniomba nimfundishe kupika mtori, ila bila nyama. "Mtori bila nyama, Mama, ni uji wa ndizi," nilimwambia. "Basi tunakula uji wa ndizi," alijibu, akala sahani mbili, akasema usiku ule angelala kama Mchaga. Nilicheka naye, kisha nikajiuliza kwa nini anataka nicheke.

Asubuhi moja ufukweni Bwana Jaswant alitoa mfuko wa unga mweupe. Aliniambia, "Wewe tazama maji. Usinitazame mimi." Nilitazama maji kwa upande wa jicho. Aliukoroga unga kwenye kopo, akaumwaga taratibu kwenye tope kando ya ziwa, akachuchumaa hapo karibu nusu saa. Kisha akachimba kitu kwa kisu, akakifunga kwenye gunia, akapanda nacho, akakifungia kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda chake. Sanduku hilo lilikuwa na kufuli na ufunguo ulikaa shingoni mwake. Alifanya hivyo tena mara nyingi. Nilimwambia Mzee Aloisi, naye akaacha kunywa. Watu wa pale walinywesha ng'ombe kwa maji yaliyotoka chini ya ziwa lile.

Halafu mwezi wa saba akapanda masale. Hapa lazima nieleze kwa mtu asiyetoka mlimani. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, tunaupanda kwenye mpaka wa kihamba, na hakuna mtu mwenye akili anayeung'oa. Ndugu wanaweza kupigana kwa mapanga lakini isale la mpakani watalizunguka. Anayelipanda anasema, bila kufungua mdomo: mpaka hapa ni pangu. Na huyu mtu alishuka kutoka Moshi na fungu la mashina ya masale kwenye Landrova, akayapanda kumi na moja, moja moja, kando ya njia ya ziwani na chini ufukweni. Niliyahesabu nikiwa nimebeba ndoo. Nikaitua chini.

"Haya unayapanda ya nini, Bwana?"

Alijifuta jasho chini ya kilemba, akatabasamu kama mtu aliyegundua jambo. "Ili watu wasipite hapa," alisema. "Mama mmoja sokoni aliniambia hakuna Mchaga anayekanyaga penye mmea huu."

Jibu hilo lilinitosha. Jioni ileile, jua halijazama, Mzee Aloisi alinifuata kwenye njia. Hakupayuka, alikuwa mpole. "Wewe unakula kwao," alisema. "Umesoma. Andika unayoyaona. Usiongeze wala usipunguze. Jina usitie, litakuletea shida tu. Sisi serikali ya kijiji tutajua la kufanya." Kesho yake, nikiwa nimebaki peke yangu na vyombo, niliandika. Nilitumia karatasi ya kaboni nipate nakala mbili, kwa kuwa niliona barua ya maana lazima iwe na nakala. Nilipanga hoja kwa namba. Moja, anapima kina cha ziwa kwa kamba. Mbili, anamwaga unga mweupe kando ya maji. Tatu, amepanda masale kumi na moja kwenye ardhi isiyo yake na amekiri kwa kinywa chake kwamba hataki watu wapite. Nne, anaandika kwa maandishi yasiyosomeka. Tano, ana sanduku la chuma lenye kufuli. Niliisoma nikaipenda. Hapakuwa na neno moja la uongo ndani yake, na kwa miaka mingi jambo hilo ndilo nililojifariji nalo.

Walikuja saa nane mchana, siku ya tatu. Mzee Aloisi mbele, mgambo wawili nyuma yake, na watu kama kumi na watano, Manka akiwa miongoni mwao na aproni yake. Mama Kuldip alidhani ni wageni, akaweka sufuria ya chai. Mzee Aloisi alisimama mlangoni mwa trela akasoma barua yangu kwa sauti, akikwama kwenye maneno, na kila alipokwama mimi nilitamani kumsaidia. Bwana Jaswant alisikiliza mpaka mwisho. Alivua ufunguo shingoni akaukabidhi.

Ndani ya sanduku mlikuwa na miguu. Ndivyo ilivyoonekana mwanzo. Miguu myeupe ya plasta, imepangwa kwenye pamba kama mayai: wayo wa nyani, wayo wa kenge, wa pimbi, mmoja mkubwa kama sinia wa ndama wa tembo. Alikuwa akimwaga plasta kwenye nyayo za wanyama zilizobaki kwenye tope, ikikauka anainyanyua, na masale aliyapanda ili watu na ng'ombe wasizikanyage kabla hajazifikia. Alieleza yote hayo kwa maneno machache, kwa Kiswahili safi cha Moshi. Ilikuwa imeisha. Kila kitu kwenye barua yangu kilikuwa kimepata maelezo, na nilianza kupumua. Kisha Manka akasema, polepole, "Anachukua nyayo."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kila mtoto wa mlimani ameonywa juu ya mtu anayechota udongo uliokanyaga, na anachoweza kukufanyia akiwa nao. Watu walirudi nyuma hatua moja, wote pamoja. Ukweli ulikuwa umewaogopesha kuliko tuhuma. Mgambo mmoja, kijana, aliuvuta ule mto wa pamba ili autoe nje, na ile miguu ikaanguka sakafuni. Bwana Jaswant aliinama, akaipita yote, akaokota mmoja mdogo uliovunjika vipande vitatu. Aliviweka pamoja kiganjani. Niliona vidole vitano vilivyotawanyika. Sikumjua mnyama wake. Kwenye daftari langu hakuwamo.

"Ondoka kabla ya jua kuzama," Mzee Aloisi alisema. "Na usirudi. Ukirudi sitaweza kuwazuia hawa."

"Barua hiyo naweza kuipata?"

"Chukua. Ofisini ipo nyingine."

Bwana Jaswant alivaa miwani. Aliisoma akiwa amesimama katikati ya ile plasta iliyovunjika, kuanzia tarehe mpaka nukta ya mwisho, bila haraka, akiinamisha karatasi kwenye mwanga kama alivyokuwa akitazama alama kwenye tope. Kisha akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya daftari la wanyama. Nje watu walikuwa wakibishana nani ataanza kung'oa masale, na hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza. Alinigeukia. "Apolonia," alisema, "funga vikombe."

Nilivifunga vyote sita. Usiku ule, tukiwa tumerudi Moshi na trela likiwa uani, niliwasikia wakigombana. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho. Sauti ya Mama Kuldip ilipanda na kupanda, ya mumewe ilijibu neno mojamoja, na ndani ya Kipunjabi kile nilisikia jina langu mara mbili. Nilijiambia wanazungumzia mshahara wa mwezi, au chakula cha kesho. Mtu anayetaka kutojua ana uwezo mkubwa. Nilikaa kwao mpaka Desemba, nikipika na kufua, na hakuna aliyenigusia lolote. Trela halikutoka tena. Bwana Jaswant alikaa verandani akitazama lango. Nilipopata chuo alinipa darubini yake, na zawadi hiyo niliishuku kuliko kitu chochote alichowahi kunipa. Baadaye niliingia kazi ya habari, na mhariri wangu wa kwanza aliponiuliza kama nimewahi kuandika taarifa iliyotoka, nilimwambia hapana.

Nyumba yao sasa ina geti la chuma, lakini veranda ni ileile. Mama Kuldip alinipokea mwenyewe, mdogo kuliko nilivyomwacha, kitambaa cheupe kichwani. Nilimpa pole, nikamshika mkono, akanipeleka mezani kabla sijakaa vizuri. Alikuwa amepika mtori. Bila nyama. Nilitazama ile sahani nikijaribu kuelewa ina maana gani.

"Kula kwanza," alisema. "Hauna sumu."

Nilikula. Tulizungumza habari za magoti yake, na kahawa ya Uru, na wajukuu walioko mbali. Kisha akachukua fimbo, tukatoka uani. Trela lilikuwa chini ya mparachichi, magurudumu yameshuka, kuku mmoja kwenye ngazi. Alimfukuza kwa fimbo akafungua mlango. Harufu ya iliki ilikuwa imeisha, ya vanishi ilikuwepo. Juu ya jiko niliona vikombe sita, kila kimoja kwenye kulabu yake, mikanda imefungwa kwa lile fundo langu la mara mbili.

"Hamkuvifungua?"

"Vya kwenda wapi? Alisema safari bila Chala haina maana."

Tulikaa kwenye mabenchi, uso kwa uso. Ndipo alipoanza kunieleza, bila mimi kuuliza. Mwaka mmoja kabla hawajaniajiri, Bwana Jaswant akiwa peke yake kwenye kayaki aliona kitu kikipenya majini karibu na ukuta wa mawe. Mgongo wa kahawia, unaong'aa, mrefu kama mkono. Aliamini ni fisi maji, yule mla samaki wa mitoni. Aliwasimulia rafiki zake wa mjini wakamcheka, wakasema Chala hakuna fisi maji, wakamwita Singh wa Fisi kwa miezi sita. Kwa hiyo akaapa hatamtaja tena mpaka amwone uso. Ile kamba ilikuwa ya kutafuta mashimo chini ya maji. Aliponiambia, "Tazama maji, usinitazame mimi," alikuwa akinipa kazi ya kulinda uso wa ziwa wakati yeye ameinama. Na ule unyayo wa vidole vitano ulikuwa wa kwanza kuupata.

"Alifikiri amekaribia," Mama Kuldip alisema. "Mpaka hospitali, Apolonia, alikuwa akizungumzia ule ukuta."

Nilifungua mkoba, nikatoa lile jani, nikaliweka mezani kati yetu kwa mikono miwili.

Alilitazama. "Hilo jani tena! Mnataka kunichukulia na uwanja huu?"

"Hapana, Mama. Likifungwa fundo hivi ni la kuomba msamaha. Aliyekosa humpelekea aliyemkosea." Sauti yangu haikuwa ya mtu wa habari. "Barua ile niliandika mimi."

"Ninajua."

"Tangu lini?"

"Tangu alipovaa miwani. Daftari zima lilikuwa mwandiko wako. Ulidhani jioni tulikuwa tunasoma nini?" Alisema kwa hasira ndogo, iliyotunzwa vizuri. "Usiku ule nilitaka ufukuzwe. Nilipiga kelele, ulinisikia. Nikamwambia, huyu msichana amekula meza yetu. Yeye akakataa. Nikamuuliza kwa nini. Akaandika tu."

Alivuta daftari la wanyama kutoka chini ya benchi. Alikuwa ameweka alama ya uzi. Kwenye ukurasa wa siku ile, chini ya mistari yangu ya nyani na tai, barua yangu ilikuwa imebandikwa kwa gundi ya seremala, imenyooka, hoja zake tano bado nyeusi. Chini yake, kwenye safu nilizozichora mwenyewe kwa rula, kulikuwa na mstari mmoja wa yale maandishi yanayoning'inia.

"Hiki ndicho kitu chako," alisema.

"Sijui kukisoma, Mama."

Aliweka kidole kwenye safu ya kwanza, akaenda nayo taratibu, akinitafsiria. Siku ile. Saa nane mchana. Ukingoni mwa Chala. Aliyeona: Apolonia. Mnyama: Kalasinga. Idadi: mmoja. Kidole kikafika safu ya mwisho, ile aliyoichora mwenyewe, kikakaa hapo.

"Mgongo tu," alisoma.

Kuku alirudi kwenye ngazi, akatutazama, akaondoka. Nilipoinua macho nilimkuta Mama Kuldip amenikazia uso wangu, hapepesi, kama mtu mwenye darubini.

"Yeye alikusamehe siku ileile, na mimi nikamkasirikia kwa hilo," alisema. "Mimi sikukusamehe. Nimekuita ili nikuone unavyosoma."

Aliendelea kunitazama. Kisha akanyoosha mkono juu ya jiko, akahangaika na fundo langu la miaka thelathini mpaka mkanda ukaachia, akashusha kikombe kimoja. Alikipuliza vumbi, akasimamisha jani la isale ndani yake.

"Nikitia maji litaota?"

"Jani halioti, Mama. Linaloota ni shina."

"Basi kesho," alisema, "uniletee shina."